Ukuta Uliosimuliwa Kuze

24 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha adhuhuri, ikapita. Nami nimerejea nyumbani vivyo hivyo: nimemwamkia baba dukani, nimepanda ngazi, nimelala. Baraza la nidhamu la chuo limenisimamisha masomo hadi Agosti kwa kosa la uchochezi. Siku ya kwanza nililivaa neno hilo kama nishani. Siku ya pili likawa neno tu. Uwanja mzima uliniitikia nilipoinua kipaza sauti. Tangu nifike Mombasa simu yangu haijalia. Silalamiki. Naandika haya kama mtu anayeandika hali ya hewa.

25 Machi

Mawingu.

28 Machi

Baba yangu ni Jusab wa leso. Hivyo ndivyo Biashara Street nzima inavyomtaja, utadhani duka ndilo lililomzaa. Leo amepanda juu, jambo asilolifanya duka likiwa wazi, akasimama mlangoni.

"Beti, binti yangu, utalala mpaka uote kuvu? Bi Mwanakhamis akuita."

"Aniitia nini?"

"Sikumuuliza. Mtu aliye edani akiita, huendwa."

Bi Mwanakhamis ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Watoto wa skuli za kisiwani husoma vitabu vyake vidogo vya mikoko na kaa, na picha zake ziko kwenye kuta ambazo watu huzipita bila kujua ni nani aliyezichora. Mumewe, Bwana Taib, alikuwa karani wa makasha bandarini Kilindini. Moyo wake ulisimama Februari, akiwa amekaa kitini, kikombe mkononi. Tangu siku hiyo mkewe hatoki, wala haonani na wanaume wasio maharimu zake, hadi eda iishe katikati ya Juni.

Nilimkuta sebuleni, amevaa nguo isiyo na ua hata moja, yeye ambaye hata kitambaa chake cha kufutia brashi kilikuwa na maua.

"Wasemaje, mchochezi?"

"Salama, Bi Mwanakhamis. Shikamoo. Na pole kwa..."

"Marahaba. Pole nimepewa mpaka sina pa kuziweka. Mimi nataka miguu yako, na mdomo wako. Vyangu vimefungiwa humu."

Akanieleza. Kwa muda mrefu yeye na Bwana Taib walikuwa wakiokota vifuniko vya chupa na ndara zinazotupwa na bahari. Khala Parvin, binamu ya marehemu mama yangu, amewapa ukuta wa nyumba yake uliopo nyuma ya kona, usioonekana kutoka dirisha hili. Utakuwa leso moja kubwa: pindo la kanda za ndara, mji, yaani uwanja wa ndani, wa bahari na mikoko iliyochorwa kwa rangi, na katikati kaa mkubwa wa vifuniko. Chini utaachwa ukanda mtupu wa kuandikia jina, ule msemo wa leso, kwa sababu leso isiyo na jina ni kitambaa tu.

Kisha akatoa ndara moja ya bluu, iliyokatika ukanda.

"Hii ilimkatikia Taib kule ufukoni Mama Ngina, wiki ile ile aliyoniacha. Nyingine ikachukuliwa na maji. Akarudi nyumbani miguu mitupu, akicheka peke yake njia nzima. Itiwe ubavuni mwa kaa."

Nikamwambia nitakuwa nikimpigia picha kwa simu.

"Sitaki picha. Nitautia vipi ukuta mzima ndani ya kiganja? Niusimulie. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Sarrah. Kila aingiaye humu yuwasema nami kama kwamba mimi ni yai. Wewe hujui kusema polepole. Ndiyo maana n'kakuita."

Nilikubali. Si kwa huruma. Huruma niliitafuta kifuani nikakuta pamefagiliwa. Nilikubali kwa sababu ni rahisi kutumwa kuliko kulala.

2 Aprili

Fundi ni Kioko. Amezaliwa Machakos, amezeekea Mombasa, amepiga lipu nusu ya nyumba za Kuze, mtaa wetu. Tulianza leo. Yeye hupiga lipu, mimi huikandamizia vifuniko ingali mbichi, kisha yeye hugonga kwa kibao hadi kila kifuniko kizame nusu. Ko, ko, ko. Sauti inazunguka kona na kupanda hadi dirishani.

"Dada Sarrah, ni kweli ulimtukana waziri?"

"Nilimuuliza maswali."

"Kwa kipaza sauti?"

"Kwa kipaza sauti."

"Basi ulimtukana."

3 Aprili

Mvua. Kazi hakuna.

4 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Nimempelekea Bi Mwanakhamis jina la leso. Nililitunga kwa saa nyingi, kwa mizani na mkazo, kama nilivyotunga hotuba zangu zote: "Enyi mnaovuna faida na kutuachia taka, bahari itawadai hesabu ya kila chupa mliyoitupa mikononi mwa maskini."

Alisikiza hadi mwisho, kwa adabu.

"Hii si leso, mwanangu, hii ni khutba. Nani atakayejifunga hii kiunoni? Itamzunguka mara tatu na bado itaburura."

Dada yake, Bi Mejumaa, anayekaa naye muda huu wa eda, alicheka hadi akapaliwa na chai. Bi Mwanakhamis hakucheka. Alitazama dirishani, palipo na ukuta wa jirani na waya wa umeme, basi.

"Lete jingine," akasema.

11 Aprili

Nimepeleka jingine. Limekataliwa. "Hili nalo lasikika kama tangazo la redio."

17 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kuvuta pumzi. Kufikia saa nne kichochoro chetu kilikuwa mto. Mtaro umeziba, na umezibwa na nini ikiwa si chupa zile zile? Nani aliyezitengeneza? Nani aliyezinunua? Nani aliyezitupa? Zamani maswali haya yangenipandisha juu ya meza. Leo niliyauliza kichwani kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu nguo za dobi, huku nikiingiza mkono mtaroni.

Kioko alikuwa upande wa pili, suruali imekunjwa, akitoa chupa na kuzirusha barazani. Khala Parvin alisimama mlangoni na birika, akitupa amri na tangawizi.

"Kioko! Pale! Pale penye povu! Ewe Sarrah, umesomeshwa mpaka chuo kikuu, mkono wako hauwezi kufika?"

"Mkono sikuupeleka chuo, Khala."

"Lo, mdomo ndio uliokwenda!"

Maji yalinifika magotini. Kioko alisema ni baridi kama ya friji. Nilijua ni baridi kwa sababu alisema.

Mtaro ulipozibuka, maji yalikwenda kwa kishindo na watu walipiga makofi madirishani. Tumepata vifuniko vya kutosha mguu mzima wa kaa. Jioni nilimsimulia Bi Mwanakhamis, akauliza vilikuwa vya rangi gani, nikamwambia vyekundu vingi, vya manjano vichache. Akasema wekundu uende kwenye koleo.

20 Aprili

Hakuna la kuandika.

29 Aprili

Mvua asubuhi, jua mchana. Koleo la kulia limekamilika.

7 Mei

Nagundua jambo kuhusu baba. Kila nikitoka kwenda ukutani, huniwekea barazani mfuko wa vifuniko. Amewaambia wachukuzi wa Biashara Street, wenye mikahawa, hata muuza maji ya madafu, wamwekee. Hajaniambia neno. Nilikuwa nikisema, mbele ya watu, kwamba tabaka la wafanyabiashara halina dhamiri ila faida. Nililisema kwa ufasaha mkubwa. Alikuwa akinilipia karo nilipolisema.

Naandika hili bila aibu na bila fahari. Ni jambo nililoliona.

15 Mei

Bahari imechorwa. Bi Mwanakhamis alinipa maelekezo ya rangi kama mtu anayepika: kijani kidogo, tena kidogo, sasa maziwa ya chokaa, koroga. Mikoko ina mizizi inayoingia majini kama vidole vya mtu anayepima maji ya kuoga. Watu husimama. Mchuuzi mmoja wa kahawa ameweka kituo chake hapo sasa.

Ndara ya Bwana Taib iko ubavuni mwa kaa. Niliikandamiza mwenyewe. Mahali pa vidole vyake pamebonyea vishimo vitano, kikubwa na vidogo vinne.

22 Mei

Imebaki kuandika jina. Sina jina. Nimepeleka sita, yote yamerudi. Khala Parvin amekwenda Nyali kwa bintiye hadi mkesha wa Idd.

25 Mei

Nitaandika haya kwa mpangilio, kwa kuwa mpangilio ndio pekee ninaoumudu.

Saa tatu asubuhi nilikwenda ukutani na kikopo cha rangi nyeusi. Nilizunguka kona. Hakukuwa na leso. Kulikuwa na ukuta mweupe, umelowa, unang'aa, kutoka paani hadi chini, na vibarua wawili wakiosha ndoo. Penye kaa palikuwa na vinundu vyeupe, kama ngozi ya mtu mwenye tetekuwanga. Pembeni alisimama Imtiaz, mwana wa Khala Parvin, anayefanya kazi Nairobi na huja mara moja kwa mwaka. Shati lake lilikuwa na madoadoa ya chokaa na uso wake ulikuwa na furaha.

"Sarrah! Idd njema kabla ya Idd! Umeona? Baba alikuwa akiipaka nyumba chokaa kila Idd ya kuchinja, hakukosa hata mwaka mmoja. Tangu afe nyumba imekuwa gofu. Nimekuja usiku na basi, nimewakamata mafundi kabla hawajanywa chai. Mama akirudi kesho, atalia."

"Atalia," nikasema.

"Si ndiyo?"

"Imtiaz bhai, ile picha..."

"Picha gani?"

Nilimwonyesha vinundu. Akavitazama. Polepole furaha ikamtoka, kuanzia machoni.

"Wallahi nilidhani ni watoto wa madrasa wamechezea ukuta."

Hapo palikuwa mahali pa hotuba. Kama kuna siku niliyozaliwa kwa ajili yake, ilikuwa hiyo: sanaa ya umma imefutwa, kazi ya wanyonge imefukiwa, na mhusika amesimama mbele yangu na ndoo. Nilifungua kinywa. Hamkuwa na kitu. Huwezi kumhutubia mtu aliyetaka kumfurahisha mamake.

Kioko alifika, akatupa mfuko wa zana chini, akakwangua kwa kisu mahali palipokuwa na bahari. Chokaa ikatoka, na rangi ikatoka nayo. Akajaribu tena karibu na mkoko. Vivyo hivyo.

"Imeshikana," akasema. "Nikikwangua zaidi tutabaki na mawe." Kisha akamgeukia Imtiaz. "Bosi, wewe huwa huulizi?"

"Ni nyumba yetu, ningemuuliza nani?"

Kioko akakifuta kisu kwa suruali yake.

Nilikwenda kumwambia Bi Mwanakhamis. Naapa nilikwenda kumwambia. Bi Mejumaa alinikuta ngazini, akanishika mkono, akaninong'oneza, "Leo amekula. Ameomba wali mwenyewe, na achari. Tangu Taib azikwe, leo ndiyo mara ya kwanza kuomba chakula."

Niliingia. Sahani ilikuwa mapajani mwake.

"Mbona simsikii Kioko?"

"Amekwenda kutafuta saruji."

"Na ndara ya Taib? Hailegei kwa mvua hizi?"

"Hailegei. Imeshika."

"Bluu yake je, yaonekana?"

"Yaonekana."

"Bluu gani? Nawe si mtu wa kuniambia bluu tu."

"Bluu ya shati la skuli," nikasema, "lililofuliwa muhula mzima."

Akafumba macho. Akasema alhamdulillahi. Akaendelea kula.

Nilishuka ngazi. Nilingoja moyo unipige. Haukupiga zaidi ya kawaida.

27 Mei

Idd. Nyama kila nyumba. Sikupita njia ya kona. Nilizungukia Biashara Street.

28 Mei

Khala Parvin amekuja kwetu amejifunika uso kwa mtandio. Amelia, amemlaani mwanawe, amemwombea, amelia tena. Aliahidi kwenda kukiri mbele ya Bi Mwanakhamis, akaenda, akarudi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia ukuta wapendeza."

"Khala!"

"Aliniuliza huku ananimiminia chai, Sarrah! Ulimi ukaniteleza. N'kamwambia hata kasa apendeza."

"Kasa gani? Hakuna kasa."

"Najua hakuna kasa!"

30 Mei

Uongo una tabia ya maji ya mtaro: ukiuziba hapa, huingia kwa jirani. Bi Mwanakhamis amewauliza wageni wake kuhusu kasa. Kila mmoja aliyepanda ngazi zile kumjulia hali amemwona kasa huyo, na kila mmoja amemwongezea kitu. Bi Mejumaa amemwekea korongo juu ya mikoko. Mke wa muuza kahawa ameona samaki wadogo wa fedha. Sasa kuna kuta mbili Kuze, mmoja mweupe usiotazamwa na mtu, na mwingine unaokua kila alasiri kwa midomo ya wanawake.

Nami ndiye bora wao. Mimi hueleza kwa mpangilio: juu, katikati, chini. Nimekwisha kumweleza jinsi mwanga wa saa kumi unavyopanda juu ya koleo. Zamani nilitumia kipaji hiki kuwaamsha watu.

1 Juni

Bi Mwanakhamis aliuliza tena kwa nini kumekuwa kimya. Kioko sasa hukaa kwenye baraza ya jirani kila asubuhi, akagonga jiwe kwa kibao. Ko, ko, ko.

"Nimewahi kugonga ukuta ili uanguke," akaniambia, "na nimewahi kugonga ili usimame. Kugonga ili usikike, ndiyo leo. Na huyo kasa, mkimwongezea watoto mniambie mapema."

Imtiaz hakurudi Nairobi. Ameomba ruhusa kazini. Hukaa karibu na Kioko na kumshikia mawe, na hakuna anayemzungumzisha ila Kioko.

4 Juni

Mvua kubwa. Kioko alinitumia ujumbe: njoo ukutani. Sikutaka. Nilikwenda.

Katikati ya weupe kulikuwa na duara moja jekundu, dogo, safi, kana kwamba mtu ameligusa kwa kidole chenye wino.

"Umekwangua?" nikamuuliza.

"Mimi nilidhani ni wewe."

Tulisimama chini ya mwavuli mmoja tukatazama. Uzi mwembamba wa maziwa ulikuwa ukishuka kutoka kwenye kifuniko cha pili.

5 Juni

Mvua. Koleo la kulia limeonekana lote.

9 Juni

Mvua, tangu juzi. Sasa naelewa. Chokaa haishiki plastiki. Haikuwahi kukauka vizuri, na mvua inaivua kidogo kidogo. Kaa amerudi: koleo, macho, miguu yote. Pindo limerudi. Lakini bahari haikurudi, wala mkoko mmoja. Kila kilichochorwa kwa mkono wa mtu, chokaa imekishika ikakizika. Kila kilichotoka kiwandani, chokaa imekiachilia. Sentensi hii ni nzuri. Nimeisoma mara mbili, na sihisi kitu ila uzuri wake, na nadhani huo ndio ugonjwa wangu.

Ningeweza kumwambia Bi Mwanakhamis leo. Nilimwambia kuhusu samaki wa fedha.

11 Juni

Chuo kimeandika kwamba naweza kurejea Agosti nikitia sahihi kwamba sitahutubia. Nimeiweka karatasi chini ya kikombe.

Keshokutwa Bi Mwanakhamis atatoka.

13 Juni

Eda imeisha. Asubuhi nyumba yake ilinuka udi hadi kichochoroni. Alikuwa ameoga, amejifunga leso mpya nyekundu ambayo baba aliichagua mwenyewe dukani na kuikata kwa mkasi. Wanawake wa Kuze walijaa ngazini na mlangoni, na walimshangilia alipokanyaga nje. Alikunja uso kwa jua. Akasimama kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Haya," akasema. "Nipelekeni kwa kasa."

Wanawake wakaanza kutazama miguu yao. Bi Mejumaa akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Khala Parvin akashika ukuta. Tulikwenda hatua chache hivi, nyuma yake, kama watu wanaosindikiza, na kona ikawa mbele yetu.

Nikampita, nikasimama mbele yake.

"Bi Mwanakhamis, ngoja. Ukuta ulipakwa chokaa. Bahari haipo. Mikoko haipo. Kasa hakuwapo kamwe."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Alinitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Idd."

"Na ile siku n'liyokula wali?"

"Siku hiyo hiyo."

"Ukanambia bluu ya shati la skuli."

"Ndiyo."

"Mejumaa n'namjua, yuwanidanganya tangu tukiwa wadogo, hunificha hata mchele ukiisha. Parvin mwoga. Hawa wengine wana huruma. Lakini wewe?" Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Wewe ulisimama mbele ya askari ukasema. N'kasema, huyu hatamwogopa mjane mmoja aliyekaa ndani ya nyumba. Miezi minne watu wanifanya mgonjwa. N'kakuacha wewe mmoja uwe dirisha langu. Nawe ukanichorea kasa."

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nazo nyingi, na zilipangika vizuri, ya kwanza ikiibeba ya pili. Sikutoa hata moja.

Akanisogeza kwa mkono wake, si kwa nguvu, akazunguka kona.

Tulimfuata. Alisimama mbele ya ukuta mweupe, na juu ya weupe huo kaa yule wa vifuniko, mwekundu, wa manjano, wa kijani, ananing'inia pasipo maji, pasipo mkoko, pasipo mchanga wa kukanyaga. Kumzunguka, pindo la kanda zilizokatika. Basi. Mchuuzi wa kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

Kisha akaiendea ndara. Mvua ilikuwa imeisafisha yote isipokuwa vile vishimo vitano. Humo chokaa ilikuwa imetuama na kukauka. Vidole vya Bwana Taib vilionekana vyeupe juu ya bluu, kikubwa na vinne vidogo, wazi kuliko siku nilipoitia.

Akaweka kidole chake ndani ya kile kikubwa. Akakaa hivyo.

Imtiaz alisogea, kichwa chini, ndoo mkononi.

"Shangazi, mimi ndiye niliyeharibu. Niambie rangi tu. Nitaipaka bahari upya, hata kama nitakaa mpaka Disemba."

"Bahari usiipake." Hakugeuka. "Mimi n'liitunga nzuri mno. Watu walikuwa wakipita wakisema, maashallah, tazama bahari. Hakuna aliyekuwa akiiona taka. Uache hivi hivi." Kisha akasema, "Ndoo yako ina chokaa?"

"Ina."

"Mpe mchochezi. Ule ukanda wa chini umeparuzika. Aulainishe, atie jina."

"Sina jina, Bi Mwanakhamis," nikasema.

"Basi utakuwa nalo ukimaliza kulainisha."

Hapakuwa na brashi safi. Nilipiga magoti, nikachota chokaa kwa viganja, nikaupaka ukanda kutoka mwanzo wa leso hadi mwisho wake, wanawake wote wamesimama nyuma yangu. Nilipofika chini ya ndara nilijua. Nilingoja kwenye baraza hadi chokaa iliponyonya. Kioko akanipa rangi nyeusi. Nikaandika: TAIB ALIVAA HII.

Bi Mwanakhamis akasoma kwa sauti, maneno yote matatu, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nyuma yetu Khala Parvin aliangua kilio.

"Hilo lafungika kiunoni," akasema Bi Mwanakhamis. Halafu akanitazama. "Sijakusamehe, Sarrah. Usije kesho. Njoo Jumatatu."

Akaondoka na leso yake nyekundu, dada yake akimfuata.

Sasa ni alasiri. Karatasi ya chuo ingali chini ya kikombe, na itabaki hapo bila sahihi. Naandika kwa shida, kwa kuwa chokaa imenichubua vidole, vinawaka kama vimeshika kaa la moto. Baba ameniletea bakuli la maji, akaliweka kando ya daftari, akashuka dukani. Nimeutia mkono wa kushoto.

Maji ni baridi. Hakuna aliyeniambia.